Tembo wa Tabora: Mzigo wa Kitaa Unaosakwa Dunia Nzima

Masela wa Isevya, Ng'ambo, Kanyenye mpaka Cheyo, hii ishu inawahusu. Mwaka 1916 kuna mzigo ulipigwa hapa hapa Tabora, na leo ukitokea kwenye mnada huko Ulaya au Marekani, wenye mkwanja wanapandishiana dau mpaka dola elfu kadhaa. Si asali wala tumbaku. Ni sarafu ya dhahabu ya Rupien 15. Upande mmoja kuna tai wa dola ya Mjerumani, upande wa pili tembo kanyanyua mkonga, nyuma yake mlima. Na ina herufi T, yaani Tabora.

Kinachoniuma ni kwamba mkusanyaji wa Hamburg anaijua hiyo T kuliko mwana aliyekulia nyuma ya stesheni yetu. Dhahabu yenyewe ilishaondoka zamani. Kilichobaki hapa ni stori, na stori ndo inayoipa sarafu bei. Tukiiacha stori nayo iende, tumelizwa mara mbili.

Vita ilivyoleta mchongo

Enzi za misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, hakukuwa na habari za noti. Ukitaka msosi njiani unalipa kwa merikani, ile pamba iliyofumwa Marekani, au kwa kaniki, shanga na nyaya za shaba. Ujiji shanga ndo zilikuwa chenji ya sokoni. Wanyamwezi ndo walikuwa miamba wa hiyo njia: wanashusha pembe za ndovu pwani, wanapanda na bidhaa, na Unyanyembe, yaani Tabora hii hii, ndo kituo kikubwa cha katikati.

Mjerumani akaja na rupia zake. Mwanzoni rupia moja ilikuwa pesa 64, kisha kuanzia 1904 ikawa Heller 100. Sarafu zote zilitoka kwao: yenye A imepigwa Berlin, yenye J ni ya Hamburg. Vita ya 1914 ilipowaka, meli za Mwingereza zikaziba pwani, sarafu mpya hazipiti. Serikali ikachapa noti za dharura humu humu nchini, ila raia wengi hawakuielewa karatasi. Walitaka kitu kinacholia ukikidondosha.

Hapo ndo Tabora ikaingia kazini. Reli ilishafika mjini tangu 1912, na karakana yake ilikuwa na mashine na mafundi. Ikageuzwa kiwanda cha pesa. Shaba chakavu, yakiwemo maganda ya mizinga, ikayeyushwa na kuwa Heller 5 na Heller 20. Dhahabu ikaletwa kutoka mgodi wa Sekenke kule Iramba, ikawa Rupien 15. Kwanini 15? Kwa sababu rupia 15 zilikuwa sawa na Mark 20, sarafu ya dhahabu ya kwao.

Mchongo haukudumu. Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji, ambalo askari wake wengi walikuwa Wakongo, likaingia mjini. Tembo waliokuwa wameshapigwa ni kama 16,000 tu, kila mmoja gramu 7 na ushee, dhahabu asilimia 75. Mji mmoja, karakana moja, miezi michache. Ndo maana ukiwa naye ni balaa.

Kwanini watu wanachizika

Marekani kuna watu wanakusanya kadi za zamani za wachezaji wa besiboli kwa mzuka huo huo. Kadi ya Honus Wagner, iliyotolewa na kampuni ya tumbaku ya American Tobacco kati ya 1909 na 1911, iliwekwa bure tu ndani ya pakiti za sigara. Mwaka 2022 moja iliuzwa dola milioni 7.25. Kipande cha karatasi! Kinachofanya kazi pale ndo kinachofanya kazi kwa tembo wetu: vipo vichache, vina stori, na hali yake inapimika.

Kwenye kupima kuna makampuni yanaishi kwa hiyo kazi tu. Kadi zinaenda PSA, zinapewa alama 1 mpaka 10. Sarafu zinaenda PCGS au NGC, alama 1 mpaka 70, kisha zinafungiwa ndani ya plastiki ngumu. Alama mbili tatu tu zinaweza kukupandisha au kukushusha bei kinoma.

Ila usidhani mchezo mzima ni dhahabu. Mimi roho yangu iko kwa Heller 20. Hii ilipigwa kwa wingi, ndo iliyozunguka kwa raia wa kawaida, na leo iliyochoka kiasi inauzwa dola chache tu. Zipo za shaba nyekundu na zipo za shaba ya njano. Angalia taji: kuna kubwa na kuna dogo. Angalia herufi L kwenye neno HELLER: kuna yenye mkia uliojikunja na kuna yenye ncha kali. Mihuri ilichongwa kwa mikono wakati wa vita, haikufanana. Mashine za Berlin zilitoa sarafu pacha, Tabora ikatoa sarafu zenye alama ya kazi ya mtu.

Sanuka, usilizwe

Sasa tuje kwenye changa la macho. Mmeshasikia kijiweni: eti rupia ya Mjerumani iliyo halisi inavuta punje za mchele, na kuna mnunuzi anaisubiri na mamilioni. Wana wameuza pikipiki, wengine wamechimba chini ya mapagala usiku kucha. Hakuna sarafu inayovuta mchele. Dhahabu haivuti, fedha haivuti, shaba haivuti. Anayekwambia lete hela ya kupimia kwanza, huyo ndo mwenye dili, na dili ni wewe.

Na tembo feki wamejaa, shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu. Silaha yako ni mizani ya sonara na sumaku. Tembo halisi ana uzito wa gramu 7.168, akipungukiwa sana, achana naye. Ikinata kwenye sumaku, hiyo si dhahabu wala shaba, mrudishie mwenyewe. Na mabomani na kwenye matembe ya kale hatuchimbi. Nchi ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, na ukuta ukishaharibiwa haurudi.

Anza hivi

Usiisugue. Najua mikono inawasha, ndimu na jivu viko jikoni, ila ule weusi wa miaka mia ndo cheti chake. Ukiing'arisha umeiua bei. Shika kingoni, weka kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi kavu, andika juu umeitoa wapi.

Huna hela? Anza na senti za nyumbani za 1966: samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye senti 20, sungura kwenye senti 50. Zimezagaa kwenye makopo ya vifungo ya bibi zetu. Kisha tafuta Heller 10 yenye tobo katikati, kisha Heller 20 ya T. Hapo una mkusanyiko unaosimulia Tabora kutoka mkoloni mpaka uhuru.

Na ukipewa sarafu na bibi au babu, muulize kabla hajachoka kukusimulia: ilifikaje nyumbani? Nani alilipwa, kwa kazi gani? Alibeba mzigo wa nani? Rekodi kwa simu, andika jina la mzee na kijiji chake. Makampuni ya Marekani yanaweza kuipa sarafu yako alama 65, lakini hakuna hata moja linaloweza kujua kwamba ilikuwa ujira wa mpagazi wa Unyanyembe. Hiyo sehemu ya kazi ni yetu, na wazee wenye majibu hawatusubiri. Wikiendi hii, mwana, nenda kamuulize.