Maziwa ya Mama Safarini



Simu ilinifikia usiku, hapa London, kwamba baba amefariki Mombasa. Mwanangu wa miezi mitano hakuwa na pasipoti, ikanibidi nimwache kwa dada yangu. Siku zote za matanga nilikuwa nikijifungia chumbani kila baada ya saa tatu nikikamua maziwa, kwani titi lisilotolewa maziwa huvimba na kuuma, na likiachwa hivyo siku nyingi hukauka. Ya siku mbili za mwisho niliyahifadhi nimrudie nayo mwanangu. Katika kiwanja kimoja cha ndege njiani, afisa wa ukaguzi akaniuliza, "Mtoto mwenyewe yuko wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Nikaamriwa niyamwage, nikayamwaga.

Nayaandika haya ili mwenzangu asiyamwage yake kwa kutojua.

Sharti la kutopita na kimiminika kinachozidi mililita 100 lilianza mwaka 2006, baada ya kugunduliwa nchini Uingereza njama ya kulipua ndege. Maziwa ya mama yametolewa katika sharti hilo. Ukiondokea Uingereza, unaruhusiwa kuyachukua mkononi hata kama huna mtoto, ila chupa moja isizidi mililita 2,000, na maafisa wanaweza kuifungua waikague. Yaliyoganda kwa barafu hayaruhusiwi mkononi. Hayo hutiwa katika mizigo ya chini. Marekani huruhusu hata yaliyoganda, pamoja na vipande vya barafu, na huko pia si lazima mtoto awepo. Aidha, sheria ya Marekani ya mwaka 2018 iliviwajibisha viwanja vikubwa na vya kati viwe na chumba cha faragha cha kina mama katika kila jengo la abiria. Lakini kila nchi ina kanuni zake. Basi uliza mapema juu ya kila kiwanja utakachopitia, na uchukue kanuni hizo zikiwa zimeandikwa.

Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa saa 4 katika joto la kawaida la chumba, saa 24 katika mkoba wa baridi wenye vipande vya barafu, na siku 4 katika jokofu. Pampu ichukue mkononi pamoja na betri za akiba, kwani betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi katika mizigo ya chini. Jifunze pia kukamua kwa mkono, maana chombo huharibika. Ndani ya ndege, mweleze mhudumu haja yako mapema. Mtandio mpana na kiti cha dirishani hutosha kukusitiri.

Juu ya kila chupa andika jina la mtoto, tarehe na saa. Kwetu sisi hili si la usafi tu: maziwa hujenga udugu, na haifai mtoto wa mwingine akanyweshwa pasi na wazazi kujua.

Nanyi kina baba, msidhani jambo hili ni la wanawake peke yao. Aya ya 233 ya Suratul-Baqara, inayotaja miaka miwili ya kunyonyesha, ndiyo hiyo hiyo inayombebesha baba chakula na mavazi ya mama. Kuuliza kanuni na kuubeba mkoba ni sehemu ya wajibu huo.

Mwanangu alinipokea kwa kilio, akashika titi. Alhamdulillahi, halikuwa limekauka.