Piano ya Kompyuta: Tuiteue kwa Kidole, Si kwa Sikio Pekee

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii ilinijia siku ambayo kwaya ya shule niliyokuwa nikiifundisha ilinyamaza katikati ya wimbo. Nilikuwa nimeitia kompyuta yetu programu ya piano yenye sauti tamu ajabu, nikasahau kwamba mashine yenyewe ilikuwa kongwe. Sauti zikakatika, watoto wakapotea, nami nikainamisha kichwa kwa haya.

Tangu siku hiyo walimu wenzangu wameniuliza mara nyingi: shule isiyoweza kununua piano halisi iteue programu ipi?

Zipo aina mbili. Ya kwanza hutumia sauti zilizorekodiwa kutoka kwa piano halisi. Mfano mwema ni Salamander, iliyotokana na piano ya Yamaha C5 na ambayo hutolewa bila malipo. Aliyeitayarisha, Alexander Holm, alinasa noti moja katika kila tatu, kwa viwango 16 vya nguvu. Noti zilizosalia hupatikana kwa kupandisha au kushusha zile za jirani. Nyingine za aina hii hurekodi noti zote 88, nazo huweza kumeza makumi ya gigabaiti.

Aina ya pili hukokotoa papo hapo jinsi nyundo inavyogonga uzi, na jinsi nyuzi nyingine zinavyoitikia pedali ikanyagwapo. Pianoteq, iliyotolewa mwaka 2006 na kampuni ya Modartt ya Toulouse, Ufaransa, ni ya namna hiyo. Huchukua makumi ya megabaiti tu, ila hukitwisha kichakataji cha kompyuta kazi kubwa.

Je, ipi bora? Wapo washikiliao kwamba sauti ya kukokotolewa hukosa uhai wa mbao na chuma. Siwapuuzi, kwa kusindikiza kwaya, au mfuko ukiwa mtupu, Salamander yafaa sana. Lakini mwanafunzi wa piano hajifunzi kusikiliza tu, bali pia kugusa. Azidishapo nguvu ya kidole polepole, programu ya rekodi aghalabu hubadili rangi ya sauti ngazi kwa ngazi, ilhali ile ya kukokotoa humfuata kama kivuli. Kwa mazoezi ya kila siku, basi, kura yangu naipa hiyo ya pili.

Hata hivyo, mwalimu asilipe kabla ya kujaribu. Toleo la majaribio la Pianoteq hukoma baada ya dakika 20, na baadhi ya noti zake hazilii. Lakini muda huo watosha. Lijaribiwe kwenye kompyuta ile ile itakayotumika darasani, na mwanafunzi mwenyewe ndiye apige: taratibu, kisha kwa nguvu, kisha pedali ikiwa chini.

Waswahili husema mchagua jembe si mkulima. Naam, lakini anayemkabidhi mtoto jembe hana budi kulichagua.