Kisanduku Kinachoshusha Ampia na Kuacha Uniti

Ukitoka viwanja vya Mnazi Mmoja ukafuata Mtaa wa Uhuru kuingia Kariakoo, Dar es Salaam, kwenye maduka ya vifaa vya umeme huenda ukakutana na kisanduku cha plastiki chenye taa ya kijani, kinachouzwa kama kiokoa umeme. Unaambiwa ukichomeke tu kwenye soketi, na matumizi ya friji, feni na pampu ya maji yatashuka. Muuzaji mwenye klampu mita hukuthibitishia papo hapo: anabana waya unaolisha mota inayozunguka pamoja na soketi ya kisanduku, anachomeka kisanduku, na ampia zinaporomoka mbele ya macho yako.

Ampia hizo zimeshuka kweli. Ndiyo maana hata watu makini hununua.

Mota ya friji huvuta umeme wa namna mbili kwa pamoja. Wa kwanza hufanya kazi ya kusukuma gesi, na sehemu yake hupotea kama joto. Wa pili hujenga usumaku ndani ya mota, kisha hurudi ulikotoka, mara 100 kila sekunde. Huu wa pili hauliwi. Unakwenda na kurudi. Ndani ya kisanduku kuna kapasita, ambayo huupokea umeme huo wa pili na kuurudisha kwenye mota bila kuupeleka mbali, kwa hiyo waya unaotoka kwenye mita unabeba ampia chache. Lakini LUKU, mita ya kulipia kabla, haikutozi kwa ampia. Inakata uniti, yaani kilowati-saa, na uniti ni ule umeme wa kwanza peke yake.

Kinachookolewa ni joto dogo la waya. Tupige hesabu. Friji ya wati 150 yenye kile mafundi wanachokiita pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi) cha 0.6, kwenye volti 230, huvuta takriban ampia 1.1. Kapasita inayoiendea sawasawa itazishusha hadi karibu 0.7. Kama waya kutoka LUKU hadi soketi ni wa milimita za mraba 2.5 na una urefu wa mita 20, upotevu unapungua kwa wati 0.2 hivi. Kompresa ikifanya kazi saa 12 kwa siku, akiba hiyo haifiki uniti moja kwa mwaka mzima. Taa ya kijani nayo, ikila nusu wati usiku na mchana, inamaliza uniti zaidi ya nne.

Kuna kifaa kingine cha mota chenye historia ya heshima. Mwaka 1977 Frank Nola, mhandisi wa NASA huko Marekani, alipata hataza ya kidhibiti kinachotambua mota isiyo na mzigo na kuipunguzia volti. Hicho huokoa umeme kweli, ila kwa mota inayozunguka bure muda mrefu. Kompresa ya friji haiko hivyo: ikiwaka hubeba mzigo wake, na ubaridi ukitosha huzimwa. Mota ya namna hiyo itafute kwa fundi cherehani mwenye mashine ya kiwandani ya klachi, ambayo hunguruma hata anapokata kitambaa au kuongea na mteja. Na hata yeye, leo ningemshauri anunue mota ya sevo, inayozunguka pale tu anapokanyaga pedeli.

Kapasita zina mahali pake pia. Wateja wakubwa, kama viwanda, hutozwa na shirika la umeme, TANESCO, kwa kilele cha kVA, kipimo kinachojumuisha umeme wa namna zote mbili, pamoja na uniti, na huko zikifungwa na mhandisi hurudisha gharama. Nyumbani hutozwi hivyo, na kapasita hafifu inayokaa kwenye soketi siku zote inaweza kupata moto, kuvimba na kuungua.

Kabla ya kulipa, omba upime kwenye mita yako. Zima kila kitu, acha feni peke yake, kisha hesabu kwa dakika kumi taa nyekundu ya mita inapepesa mara ngapi. Kama mita imeandikwa 1000 imp/kWh, kila mpepeso ni wati-saa moja. Rudia kisanduku kikiwa kimechomekwa. Idadi ikibaki ileile, mrudishie muuzaji kisanduku chake, na pesa hiyo ubadilishie mpira wa mlango wa friji uliolegea. Huo ndio unaokula uniti zako.