Uchunguzi wa Chanzo cha Kudunda kwa Pedali ya Breki

Dereva anapokanyaga breki na kuhisi pedali ikipanda na kushuka chini ya unyayo, mafundi wengi husema diski imepinda, kisha huagiza ibadilishwe. Mara nyingi gari hutulia kwa muda, na tatizo hurejea baada ya kilomita elfu kadhaa. Makala haya yanafafanua sababu ya kurejea huko na utaratibu wa kutenganisha dalili na chanzo chake.

Katika breki za diski, pedi mbili huibana diski kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa kutoka silinda kuu. Iwapo unene wa diski haulingani pote, sehemu nene inapopita husukuma pedi nje, pistoni hurudi nyuma, mafuta hurejea kuelekea silinda kuu, na pedali hupanda. Sehemu nyembamba inapofika, pedali hushuka. Tofauti ya unene ya takribani milimita 0.02 yaweza kutosha kuhisiwa na dereva.

Unene huo usiolingana kwa kawaida hauzuki ghafla. Mara nyingi huanzia kwenye diski isiyokaa sawasawa juu ya habu kutokana na kutu, uchafu au nati za gurudumu zilizokazwa bila kulingana. Diski ya namna hiyo huyumba. Katika kila mzunguko, hata breki isipokanyagwa, sehemu ileile hugusa pedi na kulika kidogo kidogo. Aidha, joto kali, mathalani la kushuka Mlima Kitonga mkoani Iringa kwa kutegemea breki bila kusaidiwa na injini, huweza kuacha tabaka la pedi lisilolingana usoni mwa diski.

Hatua ya kwanza ya uchunguzi ni kuliendesha gari mahali salama. Mtikisiko ukiwapo hata bila kukanyaga breki, tairi, rimu na beringi vichunguzwe kwanza. Mdundo ukitokea wakati wa kufunga breki pekee na ukapungua kasi kadiri gari linavyopunguza mwendo, chanzo kinazunguka pamoja na gurudumu. Kinyume chake, mdundo wa haraka unaotokea katika breki ya ghafla au barabara yenye utelezi ni kazi ya kawaida ya mfumo wa ABS. Ukijitokeza kila mara gari linapokaribia kusimama katika barabara kavu, kihisi cha gurudumu kikaguliwe.

Usukani ukitikisika pamoja na pedali, magurudumu ya mbele hushukiwa kwanza. Kwa gari ambalo breki ya mkono hutumia ngoma zilezile za breki za nyuma, kuivuta taratibu katika mwendo mdogo huonesha kama ngoma zimepoteza mviringo.

Hatua ya pili ni kupima. Unene wa diski hupimwa kwa maikromita katika sehemu nane, zote zikiwa umbali mmoja kutoka ukingoni. Kisha diski hukazwa kwa nati zote na kuzungushwa mbele ya geji ya mshale. Watengenezaji wengi huruhusu myumbo usiozidi milimita 0.05 hadi 0.10, ingawa kitabu cha gari husika ndicho chenye kauli ya mwisho. Myumbo ukizidi, diski huhamishwa tundu moja juu ya habu na kupimwa tena: sehemu iliyoinuka ikihama pamoja na diski, kasoro imo katika diski, ikibaki palepale, imo katika habu au beringi.

Hivyo basi, kubadilisha diski bila kusugua uso wa habu na kukaza nati kwa mpangilio wa msalaba na kwa spana ya kipimo ni kuondoa matokeo na kuacha chanzo. Diski mpya itaanza kulika siku ileile, na mwenye gari atalipa tena kwa kasoro ileile.