Uvimbe Usio wa Jino: Tuwajue Wanaotibu Saratani za Damu

Katika nyumba zetu nyingi, mtoto akivimba shavu, la kwanza kufikiriwa ni jino. Mama humsukutuza kwa maji ya chumvi, bibi husema jino linaota vibaya, jirani huelekeza kwa mganga wa meno. Mara nyingi wote huwa wamesema kweli, na baada ya siku chache mtoto hurudi kuchezea mpira wake uani. Lakini ipo siku ambayo meno mawili matatu huanza kulegea yenyewe, uvimbe hauna maumivu makali, na kila alfajiri mama akimtazama mwanawe huona umeongezeka kuliko jana. Hapo si suala la jino tena, na kila siku inayopita ina thamani yake.

Makala yetu ya wiki hii inawahusu watu ambao familia hukutana nao kuanzia siku hiyo: wataalamu wanaotibu saratani za damu na za tezi. Tumechagua kuwaandika kwa sababu wengi wetu hatuwajui. Tunadhani maradhi haya yana daktari mmoja mkubwa aliyeketi ofisini, naye ama anaponya ama anashindwa. Ukweli ni kwamba yana mnyororo wa watu, na mgonjwa hupona pale mnyororo huo usipokatika. Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi hukatikia mikononi mwetu sisi wenyewe, jamaa wa mgonjwa.

Kisa kilichoanzia Mulago

Saratani ya tezi inayovimbisha taya za watoto ina historia iliyoandikwa hapa hapa kwetu, Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt aliitwa wodini kumtazama mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuwahi kuona hali ya namna ile. Haukupita muda mrefu akamwona mtoto mwingine huko Jinja mwenye uvimbe kama ule, na huyu alikuwa na uvimbe tumboni pia. Burkitt akajiuliza: je, haya ni maradhi mawili, au ni moja lenye sura mbili?

Alipekua majalada ya hospitali, akawauliza wapimaji wa vinyama, na mwaka 1958 akaandika maelezo ya kwanza ya maradhi yale. Kisha akatuma barua kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza wapi wameyaona. Mwaka 1961 alitoka Uganda kwa gari pamoja na madaktari wenzake wawili, Edward Williams na Clifford Nelson, wakapita Tanganyika na kushuka hadi kusini mwa bara, safari ya zaidi ya kilomita 16,000, wakisimama hospitali baada ya hospitali. Walichogundua ni kwamba maradhi yale huonekana penye joto na mvua, wala hayaonekani kwenye nyanda za juu zenye baridi wala penye ukame. Ilikuwa ramani ile ile ya malaria.

Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara mjini London. Miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo mtafiti Anthony Epstein. Vinyama vya watoto wa Uganda vikawa vinasafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya chembe za uvimbe ule. Leo inafahamika kuwa kirusi hicho kimeenea dunia nzima, na wengi wetu tunaishi nacho bila madhara. Hata hivyo, kwa mtoto aliyeambukizwa mapema na kinga yake ikachoshwa na malaria ya mara kwa mara, kinaweza kuchangia kuzaliwa kwa saratani hiyo. Kwa hiyo si jicho la mtu, si laana ya ukoo, wala mtoto hawaambukizi saratani wenzake wanaokula naye sahani moja.

Burkitt mwenyewe aliona kuwa kisu hakikufaa, kwani uvimbe uliokatwa ulirudi. Ndipo zilipojaribiwa dawa, na uvimbe ukaanza kuyeyuka ndani ya siku chache. Mwaka 1967 ilifunguliwa hapo Mulago wodi maalumu ya maradhi hayo chini ya Mmarekani John Ziegler, na huo ndio mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wageni walipoondoka mwaka 1972, uongozi ulishikwa na Mganda Charles Olweny. Ilikuwa zama za Idi Amin, dawa na vifaa vikawa adimu, lakini wodi haikufungwa. Huo ni ushahidi kwamba tiba hii si ya ulaya peke yake. Mengi ambayo dunia inayajua kuhusu kutibu limfoma kwa dawa yalijifunzwa kwa watoto wetu, mikononi mwa madaktari na wauguzi wa kwetu.

Nani hufanya nini

Saratani za damu ni za aina nyingi, lakini kwa ufupi ziko zinazoanzia kwenye uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa, na ziko zinazoanzia kwenye tezi, zile ambazo zikivimba kinenani huitwa mitoki. Za kwanza huonekana kwa weupe wa viganja, homa zisizoisha, fizi kutoka damu na mabaka ya damu kwenye ngozi. Za pili huonekana kwa tezi kuvimba bila maumivu shingoni, kwapani au kinenani, pamoja na homa, jasho jingi la usiku na kukonda. Kwa kuwa dalili hizi hufanana na za malaria na kifua kikuu, wagonjwa wengi hutibiwa maradhi hayo kwa miezi kabla ya mtu kutilia shaka.

Anayetilia shaka ndiye wa kwanza katika mnyororo wetu, naye mara nyingi ni tabibu wa zahanati au muuguzi wa kituo cha afya. Hana mashine kubwa. Ana macho yake na ujasiri wa kuandika barua ya rufaa badala ya kutoa vidonge kwa mara ya nne.

Wa pili ni mtaalamu wa patholojia, ambaye mgonjwa pengine hatamwona maishani. Yeye hupokea kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe, hukikata vipande vyembamba mno, hukitia rangi na kukitazama kwa hadubini. Neno lake ndilo huamua tiba, kwa kuwa saratani mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutaka dawa tofauti kabisa. Familia inayokataa kinyama kuchukuliwa kwa kuhofia kwamba "uvimbe ukiguswa na chuma utasambaa" humfunga daktari macho, kisha humtaka aone.

Wa tatu ni daktari bingwa wa magonjwa ya damu au wa saratani. Hupanga aina za dawa, kipimo chake kwa uzito na urefu wa mgonjwa, na mizunguko yake. Katika limfoma ya Burkitt huwa na jambo jingine la kuhofia. Uvimbe huo ni miongoni mwa zinazokua kwa kasi kuliko zote, na unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo dawa nayo huuvunja kwa kasi, na mabaki yake yakajaa kwenye damu na kuziba figo. Ndiyo maana mtoto hutundikiwa dripu za maji mengi kabla na baada ya dawa, na wauguzi hupima mkojo wake usiku kucha. Mzazi anayeona maji tu na kudhani hakuna tiba inayoendelea ajue kuwa hapo ndipo maisha ya mwanawe yanapolindwa.

Daktari huyu pia huagiza sindano ya mgongoni, ambayo wazazi wengi huiogopa kuliko saratani yenyewe. Sababu yake ni kwamba dawa nyingi za mshipani hazifiki vizuri kwenye ubongo na uti wa mgongo, na saratani hii hupenda kujificha huko. Kuikataa sindano hiyo ni kufunga mlango wa mbele na kuuacha wa nyuma wazi.

Wa nne na wa tano ni mfamasia na muuguzi wa saratani. Mfamasia huchanganya dawa ambazo tofauti ndogo ya kipimo inaweza kudhuru. Muuguzi huzitoa baada ya kuhakiki jina la mgonjwa, jina la dawa na njia yake. Ipo dawa iitwayo vinkristini ambayo ndani ya mshipa ni tiba, na ikiingizwa kimakosa mgongoni huua. Ndiyo sababu muuguzi makini humwuliza mama jina la mtoto kila siku ingawa analijua. Tusimnunie.

Nyuma ya hawa wapo wataalamu wa maabara, wa benki ya damu, wa lishe, na ofisa ustawi wa jamii. Huyu wa mwisho tusimsahau, kwa kuwa ndiye wa kuulizwa mapema kuhusu gharama, nauli na mahali pa kulala, kabla ya aibu kutufanya tutoroke wodini. Kwa Tanzania, wataalamu wa namna hii wapo Muhimbili na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando mjini Mwanza na KCMC mjini Moshi.

Uvimbe ukinywea, tiba haijaisha

Sasa tufike kwenye jambo ambalo hasa limetufanya tuandike. Katika nchi tajiri, watoto tisa hivi kati ya kumi wenye limfoma ya Burkitt hupona. Kwetu idadi iko chini zaidi. Tatizo la dawa na vifaa lipo na hatulifichi. Lakini zipo sababu mbili zilizo ndani ya uwezo wa familia, nazo ni kuchelewa kufika na kuondoka mapema.

Tuchukulie mama aliyetoka kisiwani, akaacha watoto wengine kwa shangazi yao. Mzunguko wa kwanza wa dawa umekwisha, na shavu la mtoto limerudi kama lilivyokuwa. Anakula, anacheka, anauliza lini watarudi nyumbani. Baba anapiga simu: mahindi yanaharibika, fedha zimekwisha, na mtoto si amepona? Mama anafunga kanga zake na kuondoka. Haiwi uzembe. Huwa ni hesabu ya umaskini, nasi hatumlaumu mtu. Lakini chembe zilizobaki hazionekani kwa macho, na uvimbe ukirudi huwa umezoea dawa zilizoushinda mwanzo. Daktari akisema mizunguko sita, ni sita. Kama nyumbani kuna shida, aambiwe daktari na ofisa ustawi kabla ya kuondoka, wala si baada ya uvimbe kurudi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nasi twaongeza: hata mficha dhiki humuumbua.

Jambo la pili ni homa. Dawa za saratani hushusha chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili. Mgonjwa aliye katika tiba akipata homa, hata usiku wa manane, ni dharura ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Asisubiri asubuhi, wala asinyweshwe dawa ya kutuliza homa na kulazwa.

Dua, saumu na damu

Wapo wanaouliza kama kutegemea dawa ni upungufu wa kutawakali. Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kujitibu, na masheikh wetu hawachoki kutukumbusha. Dua ina nafasi yake kitandani pa mgonjwa, na madaktari hawaikatazi. Wanachoomba ni kuambiwa ukweli: kama mgonjwa anapewa habasoda, asali au mizizi yoyote, wajue, maana baadhi ya vitu hugongana na dawa au huongeza mzigo kwa ini.

Kuhusu Ramadhani, sharia imempa mgonjwa ruhusa. Tumeona wazee walio katika tiba wakiona haya kula mchana mbele ya wajukuu. Kwa mtu ambaye figo zake zinalindwa kwa maji, kiu ni hatari. Na amwulize daktari wake, kisha amwulize sheikh, naye ataona kuwa majibu hayapingani.

Mwisho tusemee damu. Mgonjwa wa saratani ya damu huhitaji kuongezwa damu, na pia chembe sahani, zile zinazozuia kutokwa damu. Chembe hizi hazihifadhiki zaidi ya siku chache, kwa hiyo haiwezekani kuziweka akiba mwaka mzima. Ni lazima watu watoe damu leo, wiki ijayo na ile itakayofuata. Hapa kila msikiti una la kufanya. Kamati zetu zinazopanga harusi na maulidi haziwezi kushindwa kuwaalika watu wa benki ya damu mara moja kila miezi mitatu baada ya swala ya Ijumaa. Atakayetoa damu hatamjua mtoto atakayeongezewa, na mtoto hatamjua yeye. Hata hivyo wote wawili watakuwa katika mnyororo ule ule tuliouanza na tabibu wa zahanati.

Ndugu msomaji, usiku wa leo mtazame mwanao shingoni na mdomoni. Inshaallah hutaona kitu. Ukiona, usimsubirie jino.