Usimwambie Mama Angoje

Katika ploti za Gatwekera na Laini Saba huko Kibera, au kule Gatina na Kawangware 46, mtoto akifika mwaka mmoja na nusu bila kutamka neno, ushauri haukosekani. Jirani atasema wavulana huchelewa. Nyanya atakumbusha kwamba hata baba yake alikawia kusema. Mwingine atashauri apelekwe akakatwe kilimi, na hata kliniki mama anaweza kuambiwa arudi baada ya miezi sita iwapo hali haijabadilika. Wote wanataka kumtuliza, na wote wanamwambia jambo moja: ngoja. Naona ushauri huo unaweza kumdhuru mtoto kuliko tatizo lenyewe. Mzazi anayeshuku kwamba mwanawe hasikii vizuri, au hasemi inavyopaswa, tayari ametoa sababu ya kutosha ya masikio ya mtoto huyo kupimwa, na yapimwe sasa.

Simsemei mama kwa huruma tu. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa kusikia kwa watoto wachanga nchini Marekani imeuweka wasiwasi wa mzazi katika orodha moja ya viashiria vya hatari pamoja na homa ya uti wa mgongo na dawa kali zinazoweza kuharibu masikio, kama gentamisini. Inaeleweka: daktari humwona mtoto kwa dakika chache, mama yuko naye mchana na usiku. Kamati hiyo inataka kila mtoto apimwe kabla ya kumaliza mwezi mmoja, tatizo likiwepo lithibitishwe kufikia mwezi wa tatu, na msaada uanze kufikia mwezi wa sita. Miezi hiyo haikubuniwa ovyo. Mwaka 1998, Christine Yoshinaga-Itano na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 150 wa Colorado wenye tatizo la kusikia. Waliogunduliwa kabla ya miezi sita walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye. Ubongo wa mtoto hujenga lugha kutokana na lugha inayoufikia, na miaka ya mwanzo ndiyo yenye uwezo mkubwa zaidi wa kazi hiyo. Tena, mtoto kiziwi hulia, hucheka na kutoa visauti katika miezi ya kwanza kama wengine, kwa hivyo familia haioni kasoro mpaka ule wakati wa "ba-ba-ba" na "ma-ma-ma" upite kimya.

Pingamizi linalosikika zaidi ni hili: mtoto wangu anasikia, mlango ukibamizwa anashtuka. Huenda ni kweli, lakini mlango hutikisa hata sakafu, na kishindo si sawa na maneno. Kusikia kuna viwango. Chukua maneno fika, pika, shika na zika. Yanatofautishwa na sauti moja tu hapo mwanzo, na baadhi ya sauti hizo ni hafifu mno. Mtoto mwenye ute nyuma ya ngoma ya sikio anaweza kupata "-ika" peke yake, kisha aonekane mkaidi au mzito wa kuelewa. Ndani ya nyumba ya mabati, redio ya jirani ikiunguruma na mvua ikipiga paa, hata hiyo "-ika" hupotea.

Na masikio ya watoto wa mitaa hii yana maadui wengi. Chumba kimoja hulaza watu watano au sita, mafua yanazunguka, na moshi wa jiko la makaa au stovu ya mafuta ya taa unaganda humo humo. Mafua yasiyokwisha huziba mrija unaounganisha koo na sikio, sikio la kati hujaa ute, na likishambuliwa na bakteria ngoma hupasuka na usaha kuanza kuvuja. Wengi wamezoea sikio linalotoa usaha hadi wanaliona kama sehemu ya utoto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaonya vinginevyo: usaha ukifikisha siku 14 huo ni ugonjwa sugu, na tiba yake ni kulikausha sikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa, mara tatu kwa siku, pamoja na matone ya antibayotiki kwa wiki mbili. Mafuta ya kupikia hayafai kumiminwa sikioni. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni jambo la kumkimbiza mtoto hospitali siku hiyo hiyo. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto ungeweza kuzuiwa.

Kuna wanaolaumu lugha. Nyumba moja ina Kiluo cha mama, Kiluhya cha baba, Kiswahili cha ploti, Sheng ya kaka na Kiingereza cha katuni. Mtoto lazima achanganyikiwe, wanasema. Lakini Wanubi wa Makina wamelea vizazi kwa Kinubi na Kiswahili, na watoto wao hawakukosa kusema. Lugha nyingi hazizibi masikio wala hazifungi ulimi. Kilimi nacho, kile kinyama kinachoning'inia kooni, hakimzuii mtoto kujifunza maneno. Kukikata kwa wembe kunaleta damu na maambukizi. Hoja ya wavulana ina ukweli ndani yake, kwa kuwa watoto wengi wanaochelewa huwafikia wenzao bila tiba. Tatizo ni kwamba kwa macho huwezi kumtofautisha huyo na asiyesikia. Kipimo kinaweza. Mwaka 1978 David Kemp wa London alionyesha kwamba sikio zima hutoa mwangwi hafifu linapopokea sauti. Leo mtoto akiwa amelala huwekewa ncha laini sikioni, na kwa dakika chache mashine huusikiliza mwangwi huo.

Pingamizi zito ni la umaskini. Mama fua akikosa kibarua siku moja, jioni hakuna unga. Apimishe ya nini, kama kifaa cha kusikia hatakimudu? Nalikubali swali hili, na ndiyo sababu mzigo nauelekeza kwa serikali ya kaunti kabla ya kumgeukia mama. Mtoto tayari huletwa kwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na 18. Kijitabu chake kina ukurasa wa hatua za ukuaji. Mashine za kupima mwangwi zikiwa katika hospitali na vituo vya afya kama Mbagathi, Kibera South na Riruta siku za chanjo, mama hapotezi siku nyingine. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliopewa mizani na vipimajoto mwaka 2023, wangeweza kuuliza maswali mawili matatu kuhusu masikio. Walezi wa daycare nao waulizwe: wana watoto kumi wa rika moja mbele yao, hivyo anayetofautiana huwadhihirikia mapema.

Isitoshe, si kila jibu ni la bei kali. Nta hutolewa, usaha hutibiwa. Asiyesikia kabisa anaweza kupelekwa KISE, taasisi ya elimu maalumu ya Kenya, huko Kasarani, ambako hutathminiwa na kuelekezwa shule inayomfaa. Anaweza pia kuanza Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 inaitambua miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Wazazi wengine huogopa kwamba ishara zitamfanya asiseme kamwe, lakini utafiti haujathibitisha hofu hiyo, na mtoto mwenye ishara za "maji", "naumwa" na "sitaki" tayari anazungumza na mamake. Pale Kibera, kituo cha Little Rock, kilichoanzishwa mwaka 2003, huwasomesha wadogo wenye ulemavu pamoja na wasio nao. Kwa mzazi aliye na wasiwasi leo, hatua ya kwanza ni kumwambia muuguzi waziwazi, "Nashuku mtoto huyu hasikii," na kuomba barua ya kwenda kwa wataalamu wa masikio, pua na koo. Akijibiwa angoje, aulize ni kipimo gani kimeonyesha kwamba kungoja ni salama, na aombe jibu hilo liandikwe kwenye kijitabu cha mtoto.