Ngitili: Akiba Iliyoirudishia Shinyanga Uhai

Kuanzia miaka ya 1920, utawala wa Waingereza ulihimiza kufyeka misitu ya Usukuma ili kuwaangamiza mbung'o, wanaoambukiza malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Kisha pamba ikashika kasi, mashamba yakapanuka na ng'ombe wakaongezeka. Miaka ya 1970, uhamisho wa watu kwenda vijiji vya ujamaa uliziacha kaya nyingi mbali na maeneo ya malisho zilizokuwa zikiyatunza zenyewe. Ilipofika miaka ya 1980, sehemu kubwa ya Shinyanga, mkoa wa Usukuma nchini Tanzania, ilikuwa imebaki wazi. Udongo ulichukuliwa na mvua, kuni zikawa za kufuatwa mbali, na samadi iliyopaswa kwenda shambani ikaishia mekoni.

Huo ni uchumi unaojila. Kila kaya inafanya jambo la busara kwake leo, na kwa pamoja zinamaliza kile zinachokitegemea. Kinyume chake ni uchumi unaojirutubisha, yaani kazi ya kutafuta riziki inakiacha chanzo cha riziki kikiwa na nguvu kuliko jana. Shinyanga imetuonyesha jinsi watu wanavyoweza kutoka huko na kuja huku.

Mwalimu Nyerere alizuru mkoa huo mwaka 1984 na kuguswa na hali ya ardhi. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, unaojulikana zaidi kama HASHI. Mwanzoni nguvu nyingi ziliwekwa kwenye vitalu na miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Wananchi hawakuvutiwa sana. Walichokitaka ni miti waliyoijua kwa dawa, fito, kuni na malisho, na walikuwa na njia yao ya kuipata: ngitili.

Ngitili ni eneo ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, majani yakue bila kuliwa. Kiangazi kikikaza, hufunguliwa kipande kwa kipande, na wanaotangulia ni ndama, maksai na ng'ombe wagonjwa. Ni akiba ya nyasi, na akiba haiozi. Eneo likipumzishwa miaka kadhaa, miti nayo hurudi, kwa sababu mashina na mizizi mingi ya migunga bado ni hai chini ya ardhi. Haihitaji mche wala ndoo ya maji, inahitaji kuachwa ikue.

Kuacha mti ukue ni rahisi kusema, lakini nani atamzuia mwenye njaa ya malisho asiingize ng'ombe? Hapo ndipo ushirikiano ulipopata maana. Dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, ilipanga kanuni na adhabu. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walizisimamia. Serikali za vijiji ziliziandika kuwa sheria ndogo, na halmashauri za wilaya zikazipa nguvu ya kisheria. Maofisa wa HASHI walitoa mafunzo, watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha kilimo mseto, walileta utaalamu wa miti, na Norway ikachangia fedha. Kila mmoja alileta kile ambacho mwingine hakuwa nacho. Mtafiti asingeweza kumtoza faini jirani aliyevunja mwiko, na mzee wa dagashida asingeweza kulipia magari na mafunzo ya mkoa mzima.

Mradi ulipoanza, ngitili zilizofahamika zilikuwa na takribani hekta 600 tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuwa zimevuka hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800, nyingine za kaya, nyingine za kijiji au shule. Utafiti uliofanywa wakati huo ulikadiria kuwa kuni, fito, nyasi za kuezekea, asali, dawa, mboga na matunda ya porini vilikuwa na thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani vijijini nchini yalikuwa dola 8.50. Akina mama walipunguziwa mwendo wa kuni, na vijiji vingine vilitumia mapato ya ngitili ya pamoja kwa shughuli za maendeleo.

Faida hiyo haikugawanyika sawasawa. Mwenye ardhi kubwa anaweza kuwa na ngitili yake na hata kukodisha malisho, huku kaya isiyo na ardhi ikitegemea ile ya kijiji, ambayo ndiyo huvamiwa kwa urahisi zaidi. Ngitili ya pamoja isiyo na mipaka iliyopimwa wala umiliki ulioandikwa inaweza kumegwa, mti mmoja mmoja, mpaka iishe.

HASHI ilifungwa mwaka 2004. Miradi yote hufungwa, na ndiyo maana halmashauri inayotaka kurejesha ardhi leo ianze na mambo mawili kabla ya kununua mche hata mmoja. Kwanza, iulize wananchi wanatunza nini tayari na kwa kanuni za nani, kisha iweke fedha hapo. Pili, itumie Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kuipa ngitili ya kijiji mipaka na hati, na ihakikishe wanawake na wasio na ardhi wana sauti wanapokaa kugawa malisho. Mfadhili akiondoka, kitakachobaki kuilinda ardhi ni kanuni ambazo wenye nayo wanaziona ni zao.